Umri wa jiwe si bei ya dhahabu

Na Mwalimu wa Sekondari, Kigali

JIONI moja jirani yangu wa hapa Nyamirambo alibisha hodi akiwa na jiwe alilolifunga katika kipande cha kitenge. Aliliweka mezani, akafungua kitenge taratibu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe umesomea mambo ya mawe. Hili lina dhahabu au halina?"

Jirani yangu huyu ni mfanyabiashara wa mpakani. Huleta mchele kutoka Tanzania kupitia Rusumo, na wateja wake wengi ni wenye vibanda hapa mjini. Kama mimi, alizaliwa ukimbizini mkoani Kagera na kurudi nchini baada ya mwaka 1994 akiwa na begi moja tu. Mtaji alionao ameujenga kwa zaidi ya miaka ishirini, gunia kwa gunia.

Siku hiyo alikuwa amebakiwa na siku tatu za kuamua. Dalali mmoja alimtaka atoe faranga milioni mbili awe mbia katika kilima ambacho, kwa maneno ya dalali huyo, kina "graniti ya dhahabu". Laki mbili za kishika uchumba alikuwa amekwisha kuzitoa.

Pamoja na jiwe alikuja na karatasi, nakala ya nakala, iliyofifia wino. Ilisema kwamba graniti ya aina ile imepimwa katika maabara ya Ulaya na kukutwa na umri wa miaka milioni 986. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba huo ndio umri wa dhahabu, na kwa hiyo dhahabu ipo.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Kilichonishtua ni kwamba namba ile ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa katika mstari wa kalamu.

Ndugu msomaji, nimeona niandike yale niliyomweleza dada huyu usiku ule, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeletewa mawe ndani ya vitenge. Sisi tuliorudi, na sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka, ndio tunaoonekana kuwa na fedha taslimu mkononi na ndugu wachache wa kutuonya.

Mawe yasiyojua mpaka

Baba yangu alitoka Byumba, kaskazini mwa nchi, akakimbilia Karagwe mwaka 1961. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1979. Shule ya msingi nilisoma Karagwe, sekondari Bukoba, nikarudi Rwanda mwaka 1998 nikiwa na cheti cha kidato cha nne na Kiswahili kilichonishinda kukificha.

Kule Karagwe mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akitupeleka vilimani kuokota mawe. Tulikuwa na mawe meupe magumu, mawe ya rangi ya udongo yanayochanika kama kurasa za kitabu, na mawe yenye punje kubwa zinazometa. Niliporudi na kwenda kuona shamba la babu yangu Byumba, nilikuta mawe yale yale. Nilidhani ni macho yangu ya mgeni. Baadaye nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nilipofahamu kwamba sikukosea.

Wataalamu wa miamba huita eneo hili lote Mkanda wa Karagwe-Ankole. Unaanzia kusini magharibi mwa Uganda, unapita Rwanda na Burundi, na kuingia kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mwanzoni ulikuwa matope na mchanga uliotuama majini. Tabaka lilifuata tabaka, yakazikwa, yakabanwa na kupikwa hadi yakawa mawe. Kisha mawe ya moto yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini na kupoa humo humo ndani ya ardhi bila kutoka nje. Hayo yaliyopoa ndiyo tunayoyaita graniti, au matale kama vitabu vyetu vya zamani vilivyoandika.

Graniti hizo hazikupanda siku moja. Mwaka 2010 Luc Tack, wa jumba la makumbusho la Afrika lililoko Tervuren nchini Ubelgiji, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vilivyobadilisha mengi tuliyofundishwa. Walionyesha kwamba kundi kubwa la graniti za kwetu lilipanda miaka milioni 1,375 iliyopita. Wakati huo huo ndipo ilipopanda miamba mizito yenye nikeli ya Kabanga kule Ngara na Musongati kule Burundi. Kundi la pili, dogo, lilikuja muda mrefu baadaye, miaka milioni 986 iliyopita, na wataalamu huliita graniti za bati.

Hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye karatasi ya dalali.

Shimo la ndizi

"Sasa Mwalimu," dada aliniuliza, "nani aliyekuwepo miaka milioni hiyo akahesabu?"

Ni swali zuri, na wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Huwa nawajibu kwa ndizi. Nani kati yetu tuliokulia Kagera hajawahi kuvundika ndizi? Unachimba shimo, unaweka ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo. Tuseme unajua ndizi zinaiva kwa kasi gani. Ukikuta shimo ambalo hukulifunika wewe, ukalifungua na kuhesabu ngapi zimeiva na ngapi bado mbichi, unaweza kusema shimo lile lilifunikwa siku gani. Huhitaji kumtafuta aliyelifunika.

Ndani ya graniti mna punje ndogo ngumu ziitwazo zirkoni, nyingi zikiwa ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zirkoni inapozaliwa katika mawe ya moto hukaribisha madini ya urani ndani yake, lakini huikataa risasi. Kwa hiyo shimo hufunikwa likiwa na ndizi mbichi tupu. Urani, kwa tabia yake, hugeuka kidogo kidogo kuwa risasi, kwa kasi isiyobadilishwa na joto wala baridi. Aina moja ya urani huchukua miaka milioni 4,470 hivi nusu yake kugeuka, na aina ya pili huchukua miaka milioni 704. Katika zirkoni ya miaka milioni 986, ile ya kwanza imegeuka karibu sehemu 14 katika 100, na ile ya pili karibu sehemu 62 katika 100.

Hivyo basi mna saa mbili ndani ya punje moja. Zikisoma umri mmoja, mpimaji hupata imani. Zikitofautiana, anajua kuna jambo. Huenda shimo lilifunguliwa na ndizi zilizoiva zikaibwa, yaani mwamba ulipashwa joto tena na risasi ikatoroka, na hapo umri huonekana mdogo kuliko ulivyo. Au huenda aliyefunika alichanganya ndizi zilizoiva tangu mwanzo, yaani graniti ilibeba zirkoni kuukuu kutoka miamba iliyoyeyuka, na hapo umri wa punje hizo huwa mkubwa kuliko wa graniti yenyewe. Ndiyo maana wapimaji makini hawapimi punje moja, bali nyingi.

Lakini angalia hapa, ndugu msomaji. Kilichopimwa ni siku ile graniti ilipopoa. Dhahabu haijaulizwa neno.

Graniti ile ilileta nini?

Graniti za miaka milioni 986 zina watoto wanaojulikana. Zilipokuwa zikimaliza kupoa, maji ya moto na uji wa mwisho uliobaki vilisukumwa kwenye nyufa za mawe ya jirani. Humo ndimo yalimotokea madini yaliyoifanya nchi hii ijulikane: gasegereti, ambayo ndiyo mawe ya bati, ya Rutongo; wolframu ya Nyakabingo; na koltani ya Gatumba. Koltani ya Gatumba nayo ina urani kidogo, kwa hiyo inaweza kupimwa yenyewe bila kukopa umri wa jirani. Vipimo viliipa umri wa miaka milioni 975 hadi 930 hivi. Hapo mama na mtoto wanafanana: graniti kwanza, koltani muda mfupi baadaye.

Dhahabu ni hadithi nyingine. Dhahabu inayojulikana zaidi nchini mwetu ni ya Miyove, wilaya ya Gicumbi, si mbali na kwa babu yangu. Kule haikai katika tumbo la graniti. Inakaa katika mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi iliyopenya kwenye mawe yaliyotokana na mchanga na matope. Na kaskazini magharibi mwa Burundi, upande wa Cibitoke, wataalamu walipochunguza dhahabu ya mkanda huu huu walipata umri mdogo sana kuliko wa graniti za bati. Waliihusisha na zama ambazo mabara ya kale yalikuwa yakigongana na kuunda bara kuu la Gondwana, mamia ya mamilioni ya miaka baada ya graniti zile kupoa.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha umri wa miaka milioni 986, amekuonyesha dalili ya bati na koltani. Kusema ni dalili ya dhahabu ni sawa na kuona moshi wa jikoni kwa jirani ukasema anachoma nyama.

Geita na Lupa zinatufundisha

Dada hakukata tamaa. Aliniambia, "Lakini Mwalimu, Tanzania wanachimba dhahabu ndani ya graniti. Nimeyasikia kwa wachimbaji wenyewe."

Ni kweli, na ndiyo sababu mifano ya Tanzania inatusaidia zaidi.

Tuanze na Geita, ambako wengi wetu tuna ndugu. Dhahabu yenyewe haina saa ndani yake kama zirkoni, kwa hiyo Gregor Borg wa Ujerumani na Tom Krogh wa Kanada walitumia akili ya fundi wa nyumba. Ukikuta ufa umekata plasta, unajua plasta ilikuwepo kabla ya ufa. Pale Geita kuna kuta nyembamba za mawe ya moto zilizopenya kwenye miamba ya zamani, nazo zimekatwa na mishipa yenye dhahabu. Walipopima zirkoni za kuta hizo walipata moja ina miaka milioni 2,699 na nyingine miaka milioni 2,644. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 1999. Maana yake ni kwamba dhahabu ya Geita iliingia baada ya miaka milioni 2,644 iliyopita. Haikuzaliwa pamoja na miamba inayoikalia.

Mfano wa pili ni Lupa, wilaya ya Chunya, ambako wachimbaji walikwisha kumiminika tangu miaka ya 1920. Huko ndiko dhahabu inakokaa ndani ya graniti hasa, kama alivyosikia dada. Baadhi ya graniti za Lupa zina umri wa miaka milioni 2,760 hadi 2,720. Kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kudhani kwamba dhahabu nayo ni ya kale kiasi hicho. Miaka ya 2010 Chris Lawley na wenzake walichukua pairiti, lile jiwe la kung'aa linalofuatana na dhahabu kwenye mishipa, wakalipima kwa saa nyingine, ya madini ya reniamu yanayogeuka kuwa osmiamu. Walipata miaka milioni 1,880 hivi.

Tazama tofauti hiyo. Nyumba ilijengwa, ikakaa zaidi ya miaka milioni 800, ndipo mpangaji akahamia. Graniti ilipasuka kwa sababu ni ngumu na hupasuka vizuri, maji ya moto yenye dhahabu kutoka kina kirefu yakapanda kwenye nyufa, yakapoa na kuacha dhahabu. Graniti ilikuwa mwenye nyumba tu.

Hivyo ndivyo asili ya dhahabu inavyotafutwa. Mtaalamu haulizi tu mwamba una umri gani. Anauliza mshipa umekata nini na umekatwa na nini. Anatazama kwa darubini vitone vya maji ya kale vilivyonaswa ndani ya kwatsi, ili ajue yalikuwa ya moto kiasi gani na yalibeba chumvi na hewa gani. Anapima salfa na risasi zilizofuatana na dhahabu ili ajue zilitoka katika miamba ipi. Majibu yote yakielekea upande mmoja, ndipo anaposema. Karatasi ya namba moja haimtoshi.

Mpakani wanauliza asili nyingine

Kwa wasomaji wanaofanya biashara upande wa Rusizi na Rubavu, neno asili lina maana nyingine pia: mzigo huu umetoka shimo gani? Hapo nako umri wa mawe umeingia kazini.

Tangu miaka ya 2000 taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, BGR, iliyoko Hannover, ilitengeneza njia ya kutambua koltani kwa umri wake na kwa madini madogo madogo yaliyomo, mithili ya alama za vidole. Mwaka 2010 nchi za Maziwa Makuu, katika mkutano wao wa Lusaka, zilikubaliana juu ya mfumo wa kanda wa kuthibitisha madini, na njia hiyo ikahesabiwa kuwa mojawapo ya visaidizi vyake. Gunia linalosemwa kuwa la Rwanda lakini lina koltani ya nusu ya umri wa koltani yetu, kama ile ya Msumbiji, hujulikana mara moja.

Hata hivyo umri peke yake hautoshi kutenganisha koltani ya Rwanda na ya Kivu, kwa kuwa zote zilizaliwa katika zama zinazokaribiana. Mawe hayakuchorewa mpaka. Ndiyo maana bado zinahitajika alama nyingine ndani ya jiwe, pamoja na lebo na karatasi za kweli kutoka shimoni.

Dhahabu ni ngumu zaidi. Ikiwa bado punje ghafi, inaweza kuchunguzwa kwa fedha na shaba iliyomo. Ikishayeyushwa na kuchanganywa na ya wengine, alama zake zimefutika. Mfanyabiashara anayenunua kipande kilichoyeyushwa ananunua neno la muuzaji.

Jiwe la ndani ya kitenge

Turudi kwenye meza yangu. Kwanza nilimwomba dada ruhusa nivunje kipande. Kulikuwa na vimetameta vya aina mbili. Vya kwanza vilichanika kwa ukucha kama ngozi nyembamba ya kitunguu. Huo ni ulanga, na graniti nyingi zina ulanga. Vya pili vilikuwa vya manjano iliyopauka. Nilikigonga kimoja kwa nyundo, kikasagika. Dhahabu haisagiki, hubonyea na kuwa bapa. Nikakisugua kingine nyuma ya kigae cha sakafu, sehemu isiyong'arishwa. Kikaacha mstari mweusi. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Ilikuwa pairiti.

Tulitwanga sehemu iliyobaki kwenye kinu na kuipepeta na maji katika karai, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, pairiti mara tano tu, kwa hiyo dhahabu hubaki chini kabisa. Chini ya karai hatukuona kitu cha manjano.

Sikumwambia kwamba kilima kile hakina dhahabu. Kusema hivyo kungekuwa kosa lile lile la dalali, ila kwa upande wa pili. Mgodi unaweza kuwa na faida kwa gramu tatu au nne katika tani nzima ya mawe, na kiasi hicho jicho halikioni. Nilimwambia jambo moja tu: hakuna kitu kati ya hivi mezani kinachoonyesha kwamba dhahabu ipo, wala jiwe, wala namba. Kinachoweza kuonyesha ni kupima mawe mengi, yaliyochukuliwa sehemu nyingi za mishipa mbele ya macho yako, katika maabara uliyoichagua wewe, na jibu likaandikwa kwa gramu katika tani.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Mwalimu, nilipoona maabara ya Ulaya niliogopa kuuliza. Nilidhani nitaonekana sikusoma."

Kesho yake alimtaka dalali amwonyeshe leseni. Hapa Rwanda kuchimba au kuuza madini bila leseni ni kosa, na mbia naye huweza kuvutwa. Bodi ya Madini, Petroli na Gesi, iliyoundwa mwaka 2017, ndiyo inayopaswa kuulizwa eneo ni la nani. Dalali alisema leseni iko njiani. Siku ya tatu simu yake haikupatikana. Laki mbili hazikurudi hadi leo, lakini milioni mbili zilivuka Rusumo kununua mchele.

Kwa anayeletewa jiwe kesho, maswali ni haya. Umri uliopimwa ni wa nini: wa graniti, au wa mshipa wenye dhahabu? Jiwe lililopimwa lilitoka kilima hiki, au kitabuni? Gramu ngapi katika tani, na nani alichukua mawe ya kupima? Leseni iko wapi? Mwenye dhahabu ya kweli hatakasirika ukimuuliza.

Jiwe la dada sasa liko darasani kwangu. Kila mwaka nalipitisha mkono kwa mkono, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaoruka wakisema dhahabu. Nawaacha wafurahi kidogo, kisha nawapa nyundo na kigae.